Bangili ya Kituo cha Treni

Chukua bangili moja ya kawaida. Ni ukanda mwembamba wa fedha, mwepesi kiasi kwamba ukiuvaa asubuhi utakuwa umeusahau kufikia saa nne. Katikati kuna jiwe dogo la feruzi, rangi yake kati ya samawati na kijani. Kando ya jiwe kuna mishale miwili iliyogongwa kwa muhuri, na karibu na ncha kuna ndege aliyenyoosha mabawa. Ukigeuza uangalie ndani, hakuna jina la mtu.

Bangili kama hii iliuzwa kwenye vituo vya treni na mahoteli ya New Mexico na Arizona, kusini magharibi mwa Marekani, miaka ya 1920 hivi. Aliyeinunua alikuwa mtalii mwenye dakika chache kabla treni kuondoka. Aliibeba hadi Chicago au Boston, akaivaa mara mbili tatu, ikaishia kwenye droo. Miaka mingi baadaye wajukuu waliitoa na kuiuza pamoja na vijiko na saa mbovu. Leo kuna watu wanaowinda bangili hizi vile mtu anavyowinda koti zuri Gikomba: wameinama juu ya sanduku la vitu vya watu wengine, macho yanapita haraka, mkono unapima uzito wa kila kitu. Wanaziita vito vya enzi ya Fred Harvey.

Swali la kwanza wanalouliza ni lile tunalolijua sote. Hii ni orijino ama ni feki?

Nimesoma historia ya bangili hizi kwa muda sasa, na kinachonivutia ni jinsi swali hilo limekuwa likizunguka. Kampuni ya reli iliwahi kulijibu. Wafanyabiashara wakalijibu kivyao, mahakama ikalijibu, serikali ikalitungia sheria, na sasa wakusanyaji wanalijibu mtandaoni kila siku. Fundi aliyeketi na nyundo mkononi ndiye ambaye hawakujisumbua sana kumuuliza.

Tuanze na fundi, basi.

Kwetu fedha ni madini, na fedha ni pesa. Lugha ya Wanavajo, watu wanaojiita Diné, inatenganisha hivyo viwili: madini ni béésh łigaii, yaani chuma cheupe, na pesa ni béeso, neno lililotokana na peso ya Meksiko. Lakini mikononi mwa mafundi wao vilikuwa kitu kimoja. Fundi alichukua sarafu, akaiyeyusha, akaifua ikawa bangili. Siku ya shida, bangili ilirudi dukani ikawa pesa.

Anayetajwa kuwa wa kwanza ni Atsidi Sani, jina lenye maana ya Mhunzi Mzee. Katikati ya karne ya 19 alijifunza kufua chuma kutoka kwa Mmeksiko ambaye Wanavajo walimwita Nakai Tsosi, na alitengeneza hatamu za farasi. Kisha vita vikaja. Mwaka 1863 na 1864 jeshi la Marekani, likiongozwa na Kit Carson, lilichoma mashamba ya Wanavajo na kuua mifugo yao, na miti yao ya matunda ikakatwa, mpaka njaa ikawatoa watu mafichoni. Maelfu walitembezwa kwa miguu zaidi ya kilomita 400 hadi Bosque Redondo, mashariki mwa New Mexico. Walizuiliwa huko hadi mwaka 1868. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 2,000 walikufa.

Huko kizuizini chakula kilitolewa kwa tiketi. Tiketi za karatasi zilipoanza kuigizwa, jeshi liligeukia vipande vya chuma vilivyogongwa alama. Lilikuwa limesahau kwamba miongoni mwa wafungwa kulikuwa na wahunzi. Haukupita muda vipande vya chuma vikawa vingi kuliko vile jeshi lilivyokuwa limetoa, na ikabidi vipya viagizwe kutoka Washington, vyenye nakshi ngumu zaidi. Ukikutana na mtu anayelalamika kuhusu kazi feki za Wanavajo, kumbuka hizo tiketi. Waligushi ili watoto wale.

Mkataba wa tarehe 1 Juni 1868 uliwaruhusu kurudi nyumbani, na katika miaka iliyofuata ufundi wa fedha ukaenea. Atsidi Sani aliwafundisha wanawe. Fundi mwingine, Atsidi Chon, alikwenda kwa Wazuni mwanzoni mwa miaka ya 1870 akamfundisha mtu aliyeitwa Lanyade, na Lanyade baadaye akamfundisha Sikyatala wa Wahopi. Shika majina hayo, kwa sababu karibu yatakoma.

Vifaa vilikuwa vya kubahatisha. Fuawe lilikuwa kipande chochote cha chuma kizito. Mihuri ya kugongea nakshi ilichongwa kutoka tupa kuukuu na mabaki mengine ya chuma. Fedha yenyewe ilitoka kwenye dola za Marekani, na serikali ilipoanza kukazia marufuku ya kuharibu sarafu zake, karibu mwaka 1890, mafundi wakahamia peso za Meksiko. Kila sarafu ilikuwa na takriban sehemu 900 za fedha katika 1,000, ndiyo maana kazi za zamani hazifikii kipimo cha 925 kinachogongwa kwenye vito vya leo. Mkusanyaji mgeni akikosa namba 925 hushtuka. Aliyezoea hushtuka akiikuta.

Kazi hiyo ya kwanza ilikuwa nzito. Mikanda ilikuwa na sahani za fedha zilizopangwa kiunoni. Mikufu ilikuwa na shanga zenye umbo la ua, na chini yake ikaning'inia hilali inayoitwa naja. Hilali hiyo ilikuwa imesafiri mbali: Waislamu wa Andalusia waliivalisha farasi, Wahispania wakaichukua, wakavuka nayo bahari, Mnavajo akaiona kwenye paji la uso la farasi wa Mmeksiko. Akaifanya yake.

Na ilikuwa benki. Ndani ya ardhi ya Wanavajo kulikuwa na maduka ya wazungu wenye leseni, kama lile la Lorenzo Hubbell pale Ganado, Arizona. Mwenye kondoo aliuza sufu majira ya kuchipua na wanakondoo majira ya vuli. Kati ya misimu hiyo alikopa unga, kahawa na kitambaa, akiweka rehani mkufu wake. Mfanyabiashara aliutundika nyuma ya kaunta. Kukiwa na sherehe, mara nyingi mwenyewe aliweza kuuazima, akauvaa, akaurudisha. Mkufu ambao haukukombolewa uliuzwa, na hadi leo vito vya namna hiyo vinatafutwa sana kwa sababu mnunuzi anajua kwamba Mnavajo alivitengeneza avae Mnavajo mwenzake.

Sasa reli ikafika. Mwaka 1880 njia ya Santa Fe iliingia Albuquerque, na pamoja nayo akaja Fred Harvey, mzaliwa wa London aliyekuwa ameanza na mgahawa mmoja wa kituo cha treni pale Topeka, Kansas, mwaka 1876. Chakula cha safari wakati huo kilikuwa balaa. Harvey aliweka vitambaa safi mezani, nyama nzuri, na wahudumu waliofunzwa, na kampuni yake ikaota migahawa na hoteli kando ya reli. Abiria walishiba. Kilichobaki kilikuwa kuwapa sababu ya kushuka.

Mtu aliyeiona sababu hiyo alikuwa mfanyakazi wa kampuni, Herman Schweizer, mhamiaji kutoka Ujerumani. Kampuni ilikuwa imejaribu kuwauzia abiria vito vya rehani, vile vizito, na abiria walisita. Bangili iliyofuliwa kwa mtu anayepanda farasi haikumfaa bibi wa Philadelphia mwenye glavu. Mwaka 1899 Schweizer akampelekea mfanyabiashara mmoja wa pale Thoreau, New Mexico, mawe ya feruzi yaliyokwisha kukatwa pamoja na fedha, akaomba mafundi wa hapo karibu watengeneze vitu vyepesi. Mpango ukafanya kazi, na maduka mengine yakafuata. Mfanyabiashara aligawa malighafi, fundi akaenda nayo nyumbani, akaleta bangili, akalipwa kwa wakia.

Hebu fikiria hesabu hiyo. Mnunuzi anataka kitu chepesi, na wewe unalipwa kwa uzito. Kwa bangili nyembamba utagonga mihuri ile ile, utalehemu jiwe lile lile, na malipo yatakuwa kidogo kuliko ya bangili nene. Njia pekee ya kupata unga wa wiki ni kugonga nyingi, na kugonga haraka. Anayezitazama bangili hizo leo na kusema kazi ni ya kulipua, amesema kweli nusu. Hakusema nani alipanga bei.

Mwaka 1902 hoteli ya Alvarado ilifunguliwa Albuquerque, pembeni kabisa mwa reli, ikiwa na jengo la kuuzia kazi za wenyeji. Mpangilio wa ndani ulikuwa wa Mary Colter, ambaye miaka mitatu baadaye alisanifu Hopi House ukingoni mwa Grand Canyon. Abiria alishuka, akapita mbele ya wafumaji na mafundi waliokuwa wakifanya kazi mbele ya macho yake, akatokea kwenye duka. Mfumaji mmoja, Elle wa Ganado, alijulikana sana kwa kazi hiyo ya kutazamwa. Maonyesho yalikuwa ya kweli kwa maana ya kwamba Elle alikuwa mfumaji hodari kweli. Lakini alikuwa amewekwa njiani, kati ya treni na kaunta.

Tukirudi kwenye bangili yetu, mishale na ndege pia vina historia. Kazi za zamani za Wanavajo zilikuwa na nakshi za mistari, nusu duara na majani, zisizo na ujumbe wa kusomwa. Mtalii alitaka maana. Basi wauzaji wakachapisha kadi zenye alama na tafsiri zake: mshale ni ulinzi, ndege wa radi ni furaha isiyo na mwisho, nyoka ni werevu. Mafundi wakachongewa, au wakajichongea, mihuri ya alama hizo kwa sababu ndizo zilizouzika. Ati lugha ya kale ya jangwani, kumbe imeandikwa dukani.

Alama moja ilikuwa na mizizi ya kweli, na ndiyo iliyoleta matatizo. Katika simulizi za ibada za Wanavajo kuna shujaa anayesafiri mtoni ndani ya gogo, na magogo yanayozunguka majini huchorwa kama msalaba wenye mikono iliyopinda. Watalii waliipenda alama hiyo wakiambiwa ni bahati njema, nayo ikagongwa kwenye maelfu ya vijiko, pete na bangili. Kisha Hitler akaja na bendera yake. Mwezi Februari 1940, pale Tucson, Arizona, wawakilishi wa Wanavajo, Wahopi, Waapache na Watohono O'odham walitia sahihi tamko la kuacha kutumia alama hiyo katika kazi zao. Kikosi cha 45 cha jeshi la Marekani, kilichokuwa na askari wa majimbo hayo hayo, kilikuwa kimevaa alama hiyo begani hadi mwaka 1939 kilipobadilisha kwa ndege wa radi. Kwa mkusanyaji, bangili yenye gogo linalozunguka kwa kawaida ni ya kabla ya mwaka 1940. Kwa Wanavajo ni kitu cha ibada kilichonyang'anywa mara mbili, kwanza na biashara ya bahati njema, kisha na watu ambao hawakuwahi kusikia habari zao.

Halafu mashine. Mapema katika karne ya 20 kampuni za vitu vya ukumbusho, kama ile ya H. H. Tammen kule Denver, zilikuwa zikitoa vito vya mtindo wa Kinavajo kiwandani. Lakini kesi iliyotikisa soko ilitokea Albuquerque. Maurice Maisel alikuwa na duka kubwa ambalo wafanyakazi wake walikuwa wenyeji kweli, Wanavajo na Wapueblo, ila walitumia mashine za kusukuma bati la fedha na za kukata maumbo. Akawauzia watu akisema ni kazi ya wenyeji. Wafanyabiashara wa kazi za mkono wakapiga kelele, na Tume ya Biashara ya Shirikisho ikamshtaki. Kufikia mwaka 1936 mahakama ya rufaa ilikuwa imeamua kwamba akitaka kuzitangaza hivyo, lazima aseme wazi kwamba vipande vilikatwa na kubinywa na mashine.

Nimejaribu kuchagua upande katika kesi hii nikashindwa. Wapinzani wa Maisel walikuwa na haki: fundi wa nyumbani aliyefua donge la fedha kwa nyundo hangeweza kushindana kwa bei na mashine. Lakini wafanyakazi wa Maisel walikuwa watu wale wale, wenye ndugu kwenye vijiji vile vile, waliopata mshahara mjini. Miaka hiyo hiyo ya 1930 serikali ilikuwa ikiwalazimisha Wanavajo kupunguza kondoo na mbuzi wao kwa sababu ardhi ilikuwa imechoka, na familia zilipoteza akiba ya maisha. Mtu wa namna hiyo akishika kazi kwenye mashine, ameacha kuwa Mnavajo? Bangili aliyoitoa ni feki kwa sababu alibonyeza pedali badala ya kuinua nyundo?

Serikali ilijibu kwa kuunda, mwaka 1935, Bodi ya Sanaa na Ufundi ya Wenyeji. Mwishoni mwa muongo huo bodi ikaanzisha muhuri wake: kazi iliyopita ukaguzi iligongwa herufi U.S. pamoja na jina la watu wake, Navajo au Zuni au Hopi, na namba ya duka au shule ilikotoka. Masharti yalikuwa makali. Fedha ifuliwe kwa mkono, feruzi iwe halisi isiyotiwa rangi. Kwenye karatasi ilipendeza. Kwa fundi ilimaanisha saa nyingi zaidi kwa kila bangili, huku mtalii akitaka bei ile ile. Mpango haukudumu, na ndiyo maana vito vyenye muhuri huo ni adimu na vinagombaniwa leo. Tena angalia kilichoandikwa. Jina la taifa lipo, namba ya duka ipo. Jina la mtu halipo.

Majina yalirudi polepole. Fred Peshlakai, aliyewahi kufundisha ufundi huu Fort Wingate na baadaye akafungua duka Olvera Street, Los Angeles, alikuwa miongoni mwa Wanavajo wa mwanzo kugonga alama yake mwenyewe. Awa Tsireh, mchoraji maarufu kutoka San Ildefonso Pueblo, alikuwa akifanya kazi majira ya joto kwenye duka la watalii la Garden of the Gods kule Colorado Springs, akitengeneza bangili na sahani za fedha, shaba na hata alumini, na nyingi zilibeba jina lake. Alumini, madini ya sufuria! Kazi hizo zimewahi kupewa maonyesho yake katika jumba la makumbusho la Heard, Phoenix. Ni vitu vya watalii kwa kila kipimo, na mkono wa msanii unaonekana kwa kila mstari.

Hapo ndipo nimejifunza kuziangalia bangili hizi tofauti. Mkusanyaji mzoefu haanzi na jina wala kadi ya maana za alama. Anageuza nyuma. Mihuri iliyogongwa kwa mkono huacha kivuli upande wa pili na nafasi kati ya pigo na pigo hazilingani kabisa. Mashine haina mkono unaochoka, kwa hiyo mshale wa kumi unafanana na wa kwanza. Anaangalia lehemu inayozunguka kikombe cha jiwe: kwenye kazi ya mkono kuna mahali moto ulizidi kidogo. Anatazama kingo, kama zilisuguliwa kwa tupa. Anatafuta weusi uliokaa ndani ya nakshi kwa miaka mingi, maana weusi wa dawa huenea sawasawa na wa umri hubaki pale kidole hakifiki. Jiwe nalo linasema. Feruzi ya asili hunywa mafuta ya ngozi na kubadilika kuelekea kijani. Plastiki hubaki vile vile.

Kwa hiyo mshale ule mmoja uliokwenda upande ni saini. Huenda fundi aligongeshwa na mtoto aliyepita nyuma yake, au taa ilikuwa inafifia. Kazi ya nyumbani ilikuwa ya familia nzima, na bangili moja inaweza kuwa imepita mikono mitatu. Hatutapata majina yao. Lakini tunaweza kujua walikuwapo, na hilo kadi ya tafsiri haikuwahi kutuambia.

Mambo hayakuishia kwenye treni. Magari yalichukua nafasi, maduka yakahamia kando ya barabara kuu ya 66, kampuni kama Bell Trading Post ya Albuquerque zikasambaza bangili za shaba na fedha kote nchini. Miaka ya 1970 mitindo ikageuka na kila mtu Marekani akataka feruzi. Bei zilipaa, na feki zikamiminika nyuma yake. Mwaka 1990 sheria mpya ikaja na meno: anayeuza kitu akidai uongo kwamba kimetengenezwa na wenyeji anaweza kutozwa faini ya hadi dola 250,000 au kufungwa miaka mitano. Mwaka 2018 mahakama ya shirikisho huko New Mexico ilimhukumu mwenye duka mmoja kifungo cha miezi sita kwa kuuza vito vilivyotengenezwa Ufilipino kama kazi ya Wenyeji wa Marekani.

Hapa suala la ufeki linaacha kuwa mchezo wa wakusanyaji. Fundi wa leo wa Zuni au Gallup ananunua fedha kwa bei ya soko la dunia, anakaa siku mbili na kipande kimoja, anakwenda sokoni na kukuta kitu kinachofanana nacho kikiuzwa kwa robo ya bei. Mtalii hawezi kutofautisha. Anachukua cha bei rahisi na bado anaondoka akiamini amemsaidia mwenyeji. Sisi tuliozoea kupita Maasai Market tunaijua ile sauti ya dharau watu wanayotumia wakisema "vitu vya watalii". Wanaodharau husahau kwamba mtu fulani anategemea vitu hivyo kulipa karo.

Sheria ya mwaka 1990 inahusu vitu vilivyotengenezwa baada ya mwaka 1935. Bangili yetu ya miaka ya 1920 iko nje yake. Hakuna mahakama itakayoamua kama ni halisi, na labda ni vizuri. Ilitengenezwa na mtu halisi, kwa ajili ya mgeni asiyemjua, kwa malipo duni, akitumia alama alizoagizwa. Hayo yote ni kweli kwa pamoja. Mkusanyaji anayetaka usafi, anayetaka bangili isiyoguswa na reli wala biashara, itabidi arudi hadi kabla ya Bosque Redondo, na hata huko atamkuta Atsidi Sani akitengenezea watu hatamu.

Kuna jambo moja dogo ambalo linaweza kurekebishwa. Fred Harvey alifariki Februari 1901, kabla mlango wa Alvarado haujafunguliwa. Bangili nyingi zinazoitwa kwa jina lake ziliuzwa akiwa kaburini, na nyingine hazikuwahi hata kupita kwenye maduka ya kampuni yake. Hoteli yenyewe ilibomolewa mwaka 1970. Lakini ukifungua tangazo lolote la kuuza bangili nyembamba yenye mshale, jina litakalokuwa pale juu ni la mwenye hoteli.

Nimeona wauzaji wachache wameanza kuandika tofauti. Wanaandika aina ya madini, uzito, mwaka wa kukadiria, kisha mstari mmoja: fundi Mnavajo, jina halikuandikwa. Ni mstari mfupi na hauongezi bei. Ila unamwambia anayenunua kwamba kulikuwa na jina.